Njia Panda ya Kituo cha 38

Chumba cha Kompyuta, Idara ya Usafiri
Shinyanga
13 Februari 1984

Mzee Mihayo, shikamoo. Na Mama Scola nampa shikamoo yake.

Sisi huku tupo. Kiyoyozi cha chumba cha mashine kimekufa tangu Krismasi, kwa hiyo tunafanya kazi milango ikiwa wazi na feni mbili zinapuliza vumbi la Shinyanga moja kwa moja juu ya diski.

Nakuandikia juu ya programu yako ya kupanga magari ya pamba. Tangu ulipostaafu mwaka jana imebaki mikononi mwangu, na kusema kweli naiogopa. Septemba mvua iliwahi, pamba ya kituo cha 22 ikalowa uwanjani kwa sababu programu iling'ang'ania kupeleka magari kituo cha 21. Nilitafuta kosa nikalipata, nikalirekebisha. Wiki iliyofuata kituo cha 9 kikatoweka kabisa kwenye karatasi za safari. Ikabidi nirudishe kosa la kwanza, maana hilo angalau nilikuwa nalijua.

Meneja, Bwana Selestine, ametuambia wazi: msimu ukifunguliwa Juni na hali ni hii hii, mashine itafungwa, magari yapangwe kwa mkono na chaki kama zamani. Sisi tutagawanywa maghalani.

Kwenye kozi niliyokwenda Dar es Salaam, mwalimu alitufundisha kupima ugumu wa programu. Siyo urefu, ugumu. Unachukua sehemu moja, unahesabu kila mahali programu inapojiuliza: kama ni hivi, nifanye hivi, kama sivyo, nifanye vile. Kila swali kama hilo ni njia panda. Ukimaliza kuhesabu unaongeza moja. Hizo ndizo njia ambazo lazima uzipite zote kwa majaribio kabla ya kusema unaijua. Alisema ikizidi kumi, kichwa cha mtu hakiwezi tena kuishika, ni afadhali uikate vipande. Sehemu yako inayoitwa PANGA nimeihesabu, nikarudia, kwa sababu sikuamini. Ni sitini na nne.

Siandiki hivi kwa kukosa adabu, Mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Ila nataka kuikata kabla ya Juni, na kuna njia panda nyingi ambazo sijui zilitoka wapi. Nimezinakili kwenye karatasi ya pili. Niambie zipi zimekufa.

Wako,
Zuleha Bashiri


Nyarugusu, Geita
4 Machi 1984

Zuleha mwanangu, marahaba.

Sitini na nne! Nilimsomea Mama Scola, akaniuliza kama hizo ni nyingi au kidogo. Nikamwambia ni sawa na mtu umuulize njia ya kwenda sokoni, naye kabla ya kukujibu akuulize maswali sitini na matatu. Akasema, "Basi ulijiandika mwenyewe."

Nilipoiandika mwaka 1976 ilikuwa na njia panda nane. Pamba nyingi, gari litangulie. Pamba kidogo, kituo kingoje. Ungeweza kuisoma ukiwa unakula. Halafu watu wakaanza kuja. Kituo cha 14, karani alikuwa anazidisha uzito kwenye redio ili apate magari mengi, nikaambiwa nipunguze robo ya anachosema. Kituo cha 9, mzani ulivunjika wakawa wanakadiria kwa macho. Kituo cha 31 kulikuwa na mkubwa mmoja aliyetaka uwanja uwe mweupe kabla ya mkutano wake. Kila mmoja alikuja na shida yake, nami nikaongeza mstari mmoja. Ukiuona peke yake, mstari mmoja hauna ubaya.

Ya 14 ifute, karani yule alishahamishwa. Ya 9 ifute, mzani ulitengenezwa. Ya 31 ifute, na ukiifuta unisalimie. Za vituo vya ng'ambo ya mto ziache zile za mvua tu. Nyingine nimeziwekea alama kwenye karatasi yako.

Ya kituo cha 38 iache kama ilivyo.

Huku kwetu kila mtu anachimba. Shamba langu la mihogo limezungukwa na maduara ya kuchimbia dhahabu, na salamu ya vijana asubuhi ni kuulizana kama mwamba umetema. Mimi nalima. Nimechoka kutafuta vitu vilivyofichika.

Mzee wako,
Stanslaus Mihayo


Shinyanga
21 Machi 1984

Mzee Mihayo, shikamoo.

Nimefuta zote ulizotia alama, na kila nikifuta moja naipitisha programu kwenye takwimu za msimu uliopita nione kama karatasi za safari zimebadilika. Hazijabadilika. Kumbe tulikuwa tunabeba maiti.

Imebaki hiyo ya 38. Inasema: kama kituo ni 38 na siku ni Jumatano, peleka gari moja, uzito usiangaliwe. Pembeni umeandika, "Daraja bovu." Mzee, daraja la huko Mwabusiga lilijengwa upya mwaka 1981. Na hata lingekuwa bovu, daraja bovu lingezuia gari lisiende. Lako linalilazimisha liende.

Mwaka huu dizeli inatoka kwa kibali, na Bwana Selestine anataka nieleze kila safari. Gari hili linakwenda mbali kila Jumatano ya msimu kufuata magunia machache. Januari, dereva wa njia hiyo, amehamishiwa Isaka. Nilimuuliza Abdu, aliyekwenda mara mbili badala yake. Akaangalia chini, akanijibu, "Dada Zuleha, mimi naendesha karatasi inavyosema."

Nipe sababu, nami nitaiandika vizuri. Sitaki kubakiza kitu nisichokielewa.

Zuleha


Nyarugusu
9 Aprili 1984

Zuleha,

Barua zangu zinakujia ofisini, na masjala wana mkasi wa kufungulia bahasha. Siyo kila kitu ni cha kuandika.

Nimesema iache. Miaka saba tumefanya kazi pamoja. Hilo neno lingetosha.

S. Mihayo


Shinyanga
18 Juni 1984

Mzee Mihayo, shikamoo.

Msimu umefunguliwa wiki iliyopita, na mashine haijafungwa. Ile PANGA nimeikata vipande, kila kipande na kazi yake moja, na kilicho kigumu kuliko vyote kina saba. Mambo ya kituo kimoja kimoja nimeyatoa ndani ya programu kabisa. Yako kwenye jedwali, pembeni: kituo, siku, gari, sababu, na nani ameruhusu. Programu inasoma tu jedwali. Haijui tena habari za mito wala mizani. Na sababu inachapishwa kwenye karatasi ya safari, ili dereva na meneja wote waione. Jana karani wa kituo cha 17 aliomba siku yake ibadilishwe, nikaibadilisha akiwa bado yuko kwenye redio.

Ya 38 sikuiweka. Nilisubiri unipe sababu, hukunipa. Halafu huku nikasikia kwamba Mwabusiga ni kwao Mama Scola. Sikutaka kuamini, lakini wewe mwenyewe ulinyamaza, na daraja ulilolitaja halikuwa sababu. Dizeli ni ya wakulima wote, Mzee. Kama kituo cha 31 kilistahili kufutwa kwa ajili ya mkubwa mmoja, nami siwezi kumwachia mtu wangu wa karibu kwa sababu ni mtu wangu.

Bado nakuheshimu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Zuleha


Zahanati ya Mwabusiga
9 Julai 1984

Shemeji Mihayo,

Pole na mashamba. Mwambie mkeo, dada Apolonia, mama yake hajambo, miguu tu.

Nakuandikia kwa kuwa sijui nimwandikie nani mwingine. Gari la Jumatano halijaja tangu msimu ufunguliwe. Wiki ya kwanza tulisema limeharibika. Ya pili tukasema dizeli. Watu wa vidonda na wenye watoto wa kikohozi walikaa barabarani mpaka jioni, wakarudi.

Wiki iliyopita, Jumanne, uchungu ulimshika Melania, mke wa Mabula. Nilipompima niliona mtoto amelala kukingama, na hapa sina uwezo nalo hilo. Nikamwambia, "Vumilia, mayu, kesho ni Jumatano." Alfajiri tukamlaza kando ya barabara chini ya turubai. Mchana ukapita. Mabula akaniuliza, "Nifunge ng'ombe?" Nikamwambia ngoja kidogo, gari linafika haraka kuliko mkokoteni. Akangoja. Jua lilipoanza kushuka nikasema funga.

Walifika hospitali Alhamisi. Mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Melania walimpasua, yuko hai, ila hawajui kama atazaa tena.

Mabula hajanigombeza. Amekuja mara mbili hapa zahanati, anakaa, ananiuliza kitu kimoja tu: kwa nini nilimwambia angoje.

Shemeji, miezi isiyo ya pamba tunajua hakuna gari, tunawatoa wajawazito mapema, tunakopa mikokoteni. Tungeweza kufanya hivyo. Mwaka ule ulitwambia tu kwamba Jumatano kutakuwa na gari, tusiulize, na kweli likawa linakuja. Sikuwahi kujua ni nani analituma. Mwambie huyo mtu, kama amelifuta, atuambie limefutwa. Tusilingojee.

Mageni
Mkunga


Nyarugusu
18 Julai 1984

Zuleha,

Barua hii anakuletea binti yetu Scolastika mkononi, nyumbani kwenu Ngokolo. Ndani yake kuna barua nyingine. Soma hiyo kwanza, halafu urudi kwenye hii.

Mwaka 1979 nilikwenda Mwabusiga kumsindikiza mke wangu kwenye msiba. Aliyekufa alikuwa mwanamke wa kujifungua, njia ile ile ya Melania. Niliporudi niliomba kwa maandishi gari la pamba lipite huko mara moja kwa wiki na kubeba wagonjwa. Nilijibiwa mstari mmoja: magari ni ya pamba. Basi nikaandika mstari wangu na mimi, kwenye programu. Daraja nililitaja ili mkaguzi akisoma asiulize. Januari alijua, na alikuwa anabeba abiria kinyume cha amri. Ningekuandikia ofisini, angefukuzwa. Ndiyo sababu nilinyamaza. Ningeweza kumtuma Scola kama leo. Nilidhani ukiambiwa "iache" utaiacha.

Ulichosikia juu ya mke wangu ni kweli. Kama asingekuwa wa huko nisingepajua. Kuna sehemu nyingine kama hizo, sikuzijua wala sikuzitafuta.

Sikuandikii kukulaumu. Uliuliza, nikakunyima jibu. Sasa fanya hivi: rudisha mstari ule ule, na maneno yale yale ya daraja. Usimwambie mtu.

Mihayo


Ngokolo, Shinyanga
27 Julai 1984

Mzee Mihayo, shikamoo.

Barua ya Mageni niliisoma nimesimama mlangoni. Scolastika aliniuliza kama naumwa, akaenda kuniletea kiti. Mama alimpa chakula, mimi nikaenda ofisini siku ile ile, Jumapili, nikamwomba mlinzi afungue.

Gari limerudi. Ilikuwa kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali. Lakini maneno ya daraja sikuyaandika. Nimeandika: "Kituo 38, Jumatano, gari moja. Sababu: kubeba wagonjwa wa zahanati ya Mwabusiga." Kwenye nafasi ya aliyeruhusu nimeandika jina langu.

Nisikilize kabla hujakasirika. Nilikaa mbele ya mashine, vidole viko tayari kuandika daraja bovu. Nikajiuliza, mwaka kesho au keshokutwa, nikiwa sipo, msichana mwingine atakaa hapa. Naye atahesabu. Naye atajua daraja ni zima. Atafuta kama nilivyofuta mimi, na atakuwa anafanya kazi yake vizuri.

Jumatano nilipanda gari na Abdu nikaenda. Mageni alinipokea vizuri, akidhani mimi ni karani wa pamba. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyelifuta gari." Akaendelea kufunga kidonda cha mtoto mmoja. Kisha akasema, "Twende kwa Mabula. Mwambie wewe, mimi nimeshindwa kumjibu."

Mabula alikuwa anarekebisha zizi. Nilimwambia yote, kwamba nilikuwa napunguza safari nisizozielewa, na hiyo sikuielewa. Akauliza, "Ulijua tunangoja?" Nikasema sikujua. "Na huyu mkunga, alijua umelifuta?" Nikasema hapana, hakuwa na namna ya kujua. Akamgeukia Mageni. "Basi hukunidanganya," akamwambia. Akarudi kwenye zizi lake. Nami sikumwomba msamaha.

Leo Bwana Selestine ameona karatasi ya safari. Ameniita.

"Hii ni nini? Wagonjwa?"

"Ndiyo, Bwana Meneja."

"Nani kakwambia idara hii ni hospitali?"

"Hakuna. Safari hiyo ipo tangu mwaka 1979. Ilikuwa imeandikwa daraja."

Ameniangalia sana. Amesema suala litakwenda kwenye kamati ya usafiri tarehe 14, na mpaka hapo karatasi ibaki ilivyo, maana hataki aonekane ameifuta yeye.

Zuleha


Nyarugusu
5 Agosti 1984

Zuleha,

Nilikuomba kitu kimoja. Umeweka kichwa cha Januari mezani, na changu, na chako. Na Jumatano ya watu wa Mwabusiga umeikabidhi kwa kamati ile ile iliyonikatalia. Mimi nililifanya gari lije miaka mitano bila kumwomba mtu. Wewe kwa ukweli wako unaweza kulipoteza kwa siku moja.

Wakikataa, mwandikie Mageni siku hiyo hiyo. Angalau hilo.

Mihayo


Ngokolo, Shinyanga
22 Agosti 1984

Mzee Mihayo, shikamoo.

Kamati ilikaa mpaka mchana. Walimwita Januari kutoka Isaka, akaja na shati lake la Jumapili. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli alibeba abiria kwenye gari la shirika. Akasema ndiyo. Akamuuliza aliwabeba wangapi.

"Sikuwa nahesabu, Mwenyekiti. Mwanamke anapiga kelele nyuma yangu, mimi naangalia barabara."

Mjumbe mmoja alicheka, halafu akaacha, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka.

Nilisoma barua ya Mageni. Yote. Mwenyekiti akaniuliza kama safari hii inaharibu mpango wa magari. Nikamwonyesha: gari linapita kituo cha 37 wakati wa kurudi na kujaza pamba huko, hasara ya dizeli ni ndogo. Bwana Selestine, ambaye sikumtegemea, akasema, "Kama ningejua nisingetuma gari tupu miaka yote hii. Ningelipitisha 37 mapema."

Wameruhusu. Jina langu limetolewa kwenye nafasi ile, limewekwa la kamati. Januari amepewa barua ya onyo, mimi pia, kwa kubadilisha safari bila idhini. Yangu ina mihuri miwili. Jina lako limetajwa, na mwenyekiti akasema waliostaafu wamestaafu.

Habari imeenea kwa madereva, na madereva wanaongea. Zahanati tatu nyingine zimeshaandika zikiomba siku. Mbili nimeziingiza baada ya kamati kukubali, ya tatu haina barabara. Na PANGA haijaongezeka kitu. Bado saba. Ingekuwa ile ya zamani, ningekuwa nimefika sitini na sita.

Sijui kama nilifanya sawa kukukatalia. Kama wangekataa, ningekuwa nakuandikia barua nyingine leo.

Melania ameruhusiwa kutoka hospitali. Alirudi na gari la Jumatano.

Zuleha


Nyarugusu
10 Septemba 1984

Zuleha mwanangu,

Mimi niliomba mara moja, wakakataa, nikaacha kuomba. Sikuwahi kufikiri kwamba miaka inapita na waliokaa kwenye viti vile siyo wale wale.

Hizo zahanati mbili, niandikie majina yake. Mama Scola anataka kuyajua, na mimi pia.

Baba yako,
Stanslaus Mihayo


Zahanati ya Mwabusiga
30 Septemba 1984

Dada Zuleha,

Wabeja, asante kwa gari. Abdu sasa ananionyesha karatasi kabla sijauliza, na wagonjwa wanapanda mchana kweupe bila kujifunika maturubai.

Nina ombi, nikiona aibu kuomba kabla hata msimu haujaisha. Daktari wa hospitali amebadilisha siku zake za kupasua, sasa ni Ijumaa. Wetu wakifika Jumatano wanalala chini nje siku mbili. Alhamisi ingetufaa zaidi. Najua mashine hizo zina mambo mengi na ukigusa hapa panaharibika pale, Januari alitueleza. Kama ni kazi kubwa, tuache hivi hivi, tutavumilia.

Mageni


Chumba cha Kompyuta, Idara ya Usafiri
Shinyanga
8 Oktoba 1984

Dada Mageni,

Bwana Selestine ametia saini asubuhi hii, na nimebadilisha nikiwa nangoja chai ipoe. Gari la Jumatano wiki hii halitakuja. Waambie watu wote wasilingojee.

Litakuja Alhamisi.

Zuleha Bashiri